Ronald Ngala: Mwalimu Aliyeiandika Nchi Yake

Kimulot si mahali ambapo mtu wa Mwambao hufika kwa kupotea njia. Ni lazima auazimie mwendo: aipe bahari mgongo, apite Nairobi, ateremke Bonde la Ufa na kupanda tena mpaka nchi ya Kericho na Bomet, ambako chai imefunika vilima vyote, na nyuma ya vilima umesimama msitu wa Mau. Huko nilikuwa mgeni wa rafiki yangu mmoja, Mkipsigis, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mkarimu aliyenipa mablanketi matatu na bado nikatetemeka usiku kucha. Kulipopambazuka alinichukua darasani kwake, Gredi ya 6, nikasikilize kipindi cha Masomo ya Jamii.

Mwalimu aliwauliza watoto majina ya viongozi waliopigania uhuru wa Kenya. Mikono ikainuka kama mianzi. Wakamtaja Kenyatta, wakamtaja Oginga Odinga, Tom Mboya na Daniel arap Moi, na kwa sauti kubwa zaidi wakamtaja Koitalel arap Samoei, shujaa wa Wanandi, ndugu zao. Aliponipa ruhusa ya kuuliza, nikawauliza juu ya Ronald Ngala. Darasa likanyamaza. Halafu mvulana mmoja aliyekaa nyuma akasimama, akaeleza kwa adabu kwamba Ngala ni barabara iliyoko Nairobi, naye aliwahi kupelekwa huko na mjomba wake kupanda basi. Wenziwe wakamkubalia kwa vichwa.

Mwalimu aliona haya, lakini mimi sikucheka wala sikukasirika. Nilijua kwamba huku kwetu Mombasa, nikimwuliza mtoto wa rika lile juu ya Taaitta Toweett, mtoto wa nchi hiyo ya chai aliyepata kuwa Waziri wa Elimu wa Kenya nzima, hatanitajia hata barabara. Basi nilirudi na deni, na makala haya ndiyo malipo yake. Nataka kusimulia maisha ya Ngala kwa ajili ya mtoto yule wa Kimulot, na kwa ajili ya watoto wetu pia, maana nina hakika kwamba maisha yake yanatufundisha juu ya somo la uraia kuliko vitabu vingi vya darasani.

ALIKOTOKA

Ronald Gideon Ngala alizaliwa karibu na mwaka 1923 katika nchi ya Wagiriama, nyuma ya Mombasa, upande wa Kaloleni. Nchi hiyo ilikuwa bado ina jeraha bichi. Miaka tisa tu kabla yake, mwaka 1914, Wagiriama walipigana na serikali ya Waingereza iliyotaka kodi yao, vijana wao na mashamba yao ya kaskazini ya mto Sabaki. Kaya Fungo, mahali pao patakatifu, ililipuliwa kwa baruti. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaamsha watu wake, alikamatwa mwaka 1913 akapelekwa uhamishoni Kisii, mpakani kabisa na nchi ya Wakipsigis, naye akatoroka akarudi kwao. Kwa hiyo, kabla Ngala hajazaliwa, tayari palikuwa na mama wa Pwani aliyeionja baridi ya milima ile. Mtoto wa Kimulot angepaswa kulijua hilo, maana lilitendeka jirani na kwao.

Huko Kaloleni palikuwa na misheni ya Kanisa la Kiingereza, yenye shule na hospitali. Ngala alisoma hapo, kisha akaendelea mpaka shule ya Alliance huko Kikuyu, na kutoka Alliance akaenda Makerere, Uganda, alikopata stashahada ya ualimu. Katika miaka hiyo Waafrika wa Pwani waliofika Makerere walikuwa wa kuhesabika.

Hapa, msomaji mpenzi, hatuna budi kusema jambo ambalo wazee wetu walikuwa wakilisema barazani kwa sauti ya chini. Wakati Ngala anasoma Kaloleni, watoto wengi wa Kiislamu wa Mwambao walikuwa chuoni wakisoma Kurani, na baba zao wakiiogopa shule ya misheni isije ikawatoa katika dini. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani shule nyingi za wakati huo zilikuwa za makanisa. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliwahimiza Waislamu watafute elimu zote mbili, ya dini na ya dunia, na aliandika juu ya jambo hilo katika magazeti yake ya Sahifa na Al-Islah tangu miaka ya mwanzo ya 1930. Waliomsikia walifaulu, lakini hawakuwa wengi. Ndiyo sababu siku zilipofika za kuwatafuta wasemaji wa Pwani mbele ya serikali, waliokuwa tayari na lugha ya serikali walikuwa ni watu kama Ngala, waliotoka vijiji vya nyuma ya mji.

KITABU CHA MWALIMU

Ngala alipotoka Makerere alirudi Pwani akafundisha. Alikuwa mkuu wa shule huko Mbale katika milima ya Taita, kisha akahamia Mombasa katika shule ya Buxton. Wapo watu wa mji waliomjua kama mwalimu kabla hawajamjua kama mwanasiasa.

Lakini mimi namtazama zaidi kwa kazi moja aliyoifanya akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mwaka 1949 alitoa kitabu kilichoitwa Nchi na Desturi za Wagiriama. Kilipigwa chapa Nairobi na Eagle Press, katika miaka ile ambayo Idara ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilikuwa ikiwatafuta Waafrika waandike habari za makabila yao. Ni kitabu kidogo. Hata hivyo kina mambo mawili ambayo kila mtunga mitaala angepaswa kuyafikiri.

Jambo la kwanza ni kwamba mwalimu huyu alianza nyumbani. Wakati ule mtoto wa shule alikuwa akifundishwa wafalme wa Uingereza na mito ya Ulaya, naye hajui mto unaopita nyuma ya kijiji chake umetoka wapi. Ngala aliona kwamba nchi ya Wagiriama nayo ni somo, na kwamba desturi za wazee wake zinastahili wino na karatasi kama desturi za watu wengine.

Jambo la pili ndilo kubwa zaidi. Habari za Wagiriama hakuziandika kwa Kigiriama. Aliziandika kwa Kiswahili. Kama angetaka kuwaambia Wagiriama peke yao habari wanazozijua, Kigiriama kingemtosha. Lakini alitumia lugha ambayo Mtaita angeisoma, Mswahili wa Mji wa Kale angeisoma, na Mkipsigis wa Kericho aliyejifunza Kiswahili shuleni angeisoma pia. Alifungua mlango wa nyumba yake, akawakaribisha jirani waingie waone.

Mtu anayejua kwake na akaweza kumweleza jirani kwa lugha ambayo jirani anaielewa, huyo ameanza kuwa raia. Sisi tuliolelewa chuoni tulifundishwa haki ya jirani kabla hatujajua neno uraia, na nikilitazama vizuri naona ni jambo hilo hilo. Haki ya jirani haitimizwi na mtu asiyemjua jirani yake ni nani.

KUTOKA DARASANI HADI LONDON

Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, walichaguliwa wanane tu kwa nchi nzima. Ngala alikuwa mmoja wao, akiwakilisha Pwani. Katika hao wanane walikuwamo pia Mboya, Odinga, Masinde Muliro na Moi. Mwaka uliofuata viti vya Waafrika viliongezwa, na Toweett akaingia kutoka upande wa Kericho na nchi za kusini. Hapo ndipo njia ya mwalimu wa Giriama ilipokutana na njia ya mtu wa nchi ya chai.

Mwanzoni mwa 1960 wajumbe wa Kenya walikwenda London kwa mkutano wa katiba katika jumba la Lancaster House. Wajumbe Waafrika walimchagua Ngala kuwa kiongozi wa msafara wao. Wengine walikuwa wasemaji wakali zaidi yake, na wengine walikuwa na makabila makubwa nyuma yao. Yeye alikuwa mtu mpole, wa maneno ya kupima, na pengine kwa sababu hiyo hiyo wote waliweza kutembea nyuma yake.

Baada ya safari ile umoja ulivunjika. Chama cha KANU kilipoundwa mwaka 1960, Ngala alichaguliwa kuwa mweka hazina hali hayuko, na hakukikubali cheo hicho. Mwezi wa Juni mwaka ule ule, huko Ngong, vyama vya makabila madogo viliungana vikawa KADU. Ndani yake walikuwamo Wakalenjin, Wamasai, watu wa Muliro kutoka magharibi na watu wa Pwani. Ngala akawa kiongozi, na Moi na Toweett wakawa pamoja naye.

Ukiwauliza wazee wa Kericho na wazee wa Kaloleni hofu yao ilikuwa nini, utapata jibu linalofanana. Wakipsigis waliiona ardhi yao ikipewa wazungu na makampuni. Brooke Bond ilianza kulima chai huko katika miaka ya 1920. Waliogopa kwamba mzungu akiondoka, ardhi ingekwenda kwa wengine wenye idadi kubwa zaidi, nao wabaki watazamaji. Wamijikenda nao walikuwa wakikaa kama maskwota juu ya ardhi ambayo hati zake zilikuwa za wengine. Watu wawili wasiojuana, mmoja wa baridi na mmoja wa joto, waliunganishwa na hofu moja. KADU ilikuwa ni nyumba ya hofu hiyo.

Katika uchaguzi wa Februari 1961 KANU ilishinda, lakini ikakataa kuunda serikali mpaka Kenyatta aachiliwe huru. KADU ikakubali kuingia, na Ngala akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali na Waziri wa Elimu. Wako waliomlaumu kwa hilo, wakasema ameingia nyumba ambayo mwenyewe yumo kifungoni. Lawama hiyo ilimfuata kwa muda mrefu. Wengine walisema kwamba lau si serikali ile, mambo yangekwama. Mimi nitasema hili tu: mwalimu aliyeandika kitabu cha nchi yake mwaka 1949 alikaa, miaka kumi na miwili baadaye, katika kiti cha Waziri wa Elimu wa nchi yote, katika serikali ambayo Toweett alikuwa Waziri wa Kazi na Nyumba.

MAJIMBO NA MWAMBAO

Jina la Ngala haliwezi kutajwa bila neno majimbo. Alitaka Kenya igawanywe katika majimbo, kila jimbo liwe na baraza lake lenye nguvu zilizoandikwa katika katiba, ili serikali ya Nairobi isiweze kuwameza walio wachache. Katika mikutano ya London alishikilia jambo hilo mpaka likaingia katika katiba ya 1963. Kenya ikapata majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi, na juu yao Baraza la Seneti.

Sisi wa Mwambao tulikuwa na mambo yetu. Ukanda wa maili kumi ulikuwa ni milki ya Sultani wa Zanzibar, uliosimamiwa na Waingereza kwa mkataba wa mwaka 1895. Wakati uhuru unakaribia, Waislamu wengi wa miji ya Pwani walitaka ukanda huo uwe na serikali yake au urudi Zanzibar. Waliogopa kutawaliwa na watu wa bara, waliogopea dini yao na makadhi wao. Ngala alilipinga hilo. Kwake Pwani ilikuwa moja, tangu pwani ya bahari mpaka kaya za nyuma, na ilipasa kuwa jimbo moja ndani ya Kenya.

Wapo wazee wetu ambao hawakumsamehe. Walimwona ni mtu wa kaya anayetaka kuitawala bandari. Lakini lazima tuseme kweli, ingawa ni chungu. Mgiriama naye alikuwa na kumbukumbu zake. Alikumbuka utumwa, na alikumbuka mashamba ambayo babu yake aliyalima na mwenye hati akawa mtu mwingine wa mjini. Tulikuwa tukinunua nafaka, pembe na tembo kwake kwa karne nyingi, tukaoana naye, tukasilimu pamoja, na bado hatukuwa tumeketi naye tukasikilizana kwa uwazi. Kila upande ulijua historia yake peke yake. Kitabu cha 1949 kilikuwapo, lakini ni wangapi wa mjini waliokisoma?

Mwamuzi Mwingereza, Sir James Robertson, aliletwa kuchunguza, na mwisho wa 1961 akatoa shauri kwamba ukanda uunganishwe na Kenya. Tarehe 8 Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana hivyo, na mahakama za makadhi zikahifadhiwa. Zimo katika katiba mpaka leo.

Katika uchaguzi wa Mei 1963 KANU ilishinda tena. Ngala akawa kiongozi wa upinzani bungeni na, hapa nyumbani, Rais wa Baraza la Jimbo la Pwani. Lakini majimbo yaliishi maisha mafupi. Serikali kuu haikuyapenda, fedha zilichelewa, na wajumbe wa KADU wakaanza kuhama mmoja mmoja. Mwezi wa Novemba 1964 Ngala alisimama bungeni akatangaza kuvunjwa kwa chama chake, akaingia KANU pamoja na wenzake. Wengine waliona ni kushindwa, na wengine waliona ni mtu aliyechagua amani ya nchi kuliko ukaidi. Mwaka 1966 akawa Waziri wa Ushirika na Huduma za Jamii, na mwaka 1969 akawa Waziri wa Nishati na Mawasiliano.

Tarehe 12 Desemba 1972, siku ya sikukuu ya Jamhuri, gari lake lilipata ajali huko Konza, katika barabara ya Nairobi na Mombasa. Dereva alisema nyuki waliingia garini. Watu wengi hawakuliamini neno la nyuki, na mpaka leo ukilitaja barazani utaona watu wakitazamana. Ngala alifariki hospitalini Nairobi tarehe 25 Desemba, siku ya Krismasi, hajafika umri wa miaka hamsini. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa. Mama yangu aliniambia baadaye kwamba siku hiyo hata watu ambao hawakumpa kura waliifunga redio na kukaa kimya.

NENO LILILOPOTEA NJIA

Baada ya kufa kwake likatokea jambo ambalo, naamini, lingemhuzunisha kuliko kuvunjwa kwa KADU. Neno lake la majimbo lilichukuliwa na watu wengine, likapewa maana nyingine. Katika miaka ya 1990, siasa za vyama vingi ziliporudi, wako waliolitumia kumwambia jirani afungashe arudi kwao. Katika Bonde la Ufa, tangu mwisho wa 1991 na mwaka 1992, nyumba zilichomwa na watu wakauawa kwa kosa la kuzaliwa kabila jingine, na nchi ya chai haikusalimika. Mwezi wa Agosti 1997 moto huo huo ulifika kwetu Likoni. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tuliuona tena, mkubwa kuliko wote.

Majimbo ya Ngala yalikuwa ni sheria ya kumlinda mdogo asimezwe na mkubwa. Hayakuwa hati ya kumfukuza mtu. Lakini vijana walioshika mapanga Likoni na walioshika mishale kule juu walikuwa wamekwenda shule, na wengi wao walikaa darasani wakisoma somo la uraia. Walifundishwa rangi za bendera na maana zake, idadi ya wabunge, na kazi za chifu. Naogopa kwamba hakuna aliyewafundisha jirani yao ni nani, ametoka wapi, na ana haki gani ya kuwapo.

Na si kwamba jambo hili halikufikiriwa. Mwezi wa Agosti 1968, hapa hapa Mombasa, wajumbe wa elimu kutoka nchi 11 za Afrika walikutana kujadili namna ya kufundisha masomo ya jamii katika shule zetu huru. Mkutano huo ndio uliozaa mpango wa Afrika wa masomo ya jamii, uliokuwa na makao yake Nairobi. Shauri lao lilikuwa jepesi kulieleza: historia, jiografia na uraia visiwe visiwa vitatu, viwe somo moja, na mtoto aanzie nyumbani kwake, kisha kijijini, kisha wilayani, kisha nchini, mpaka aufikie ulimwengu. Ni wangapi katika sisi tunaojua kwamba somo hilo lina asili ya mji wetu?

Kenya ilipoanzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, shule za msingi zilipata somo lililochanganya mambo hayo matatu. Lakini mtihani ulilikaba koo. Mwalimu alihitaji majibu ya kutia alama, na jirani si jibu la kutiwa alama. Sasa tuna mtaala wa umilisi, ulioanza kuenezwa mwaka 2019. Masomo ya Jamii yamo katika shule ya msingi na sekondari ya chini. Katika sekondari ya juu, Historia na Uraia ni somo la kuchagua, na wanaofuata njia ya sayansi wanaweza kufika mwisho bila ya kulisoma, ingawa yapo mafunzo ya kuitumikia jamii kwa wote. Sitaki kuwalaumu watunga mitaala, maana katika karatasi wameliweka neno uraia mbele. Nauliza tu: daktari na mhandisi wa kesho, waliozaliwa Bomet au Kilifi, watajifunzia wapi kwamba kuna nchi nyuma ya kilima chao?

Kwa watoto wetu wa Mwambao swali hili lina uzito wake. Miaka nenda miaka rudi vijana wengi wa Kiislamu wa Pwani, wakienda kutafuta kitambulisho, wameambiwa walete vyeti vya baba na babu, wathibitishe kwamba ni wa hapa. Kijana huyo alifundishwa darasani kwamba raia wote ni sawa, kisha anafika dirishani anaambiwa athibitishe babu yake. Lau karani yule, aliyetoka bara, alisoma akiwa mtoto kwamba Waswahili wamejenga Lamu, Pate na Mombasa kwa karne nyingi, pengine angeuliza swali jingine. Na lau sisi tulisoma juu ya ardhi ya Wakipsigis, pengine tungeacha kusema kwamba watu wa bara wote ni wamoja na wana kila kitu.

CHAI YA KIMULOT

Toweett, baada ya Ngala kufariki, alikuwa Waziri wa Elimu, akaongoza Mkutano Mkuu wa UNESCO uliofanyika Nairobi mwaka 1976, na mwaka 1979 akatoa kitabu cha historia ya Wakipsigis kama ilivyosimuliwa na wazee. Alifariki mwaka 2007. Kwa hiyo marafiki hawa wawili wa KADU, mmoja wa kaya na mmoja wa vilima vya chai, kila mmoja aliiandika nchi yake na kila mmoja aliketi katika kiti cha elimu. Vitabu vyao viwili vingetosha kuanzisha somo. Watoto wa Kimulot wasome cha Ngala, wa Kaloleni na Mombasa wasimuliwe cha Toweett, kisha waandikiane barua.

Kabla sijaondoka Kimulot, mwalimu rafiki yangu aliniomba niwaambie watoto neno la kuagana. Niliwauliza chai wanayochuma mama zao, majani mawili na chipukizi lake, huenda wapi ikitoka kiwandani. Wakajua kwamba huenda ng'ambo, lakini hawakujua inapita wapi. Nikawaambia kwamba inashuka mpaka Mombasa, ambako mnada wa chai umekuwapo tangu 1969, baada ya kuhamishwa kutoka Nairobi. Huko mahamali wa kwetu huibeba mifuko katika maghala ya Shimanzi, na waonjaji huionja kijiko kwa kijiko kabla haijauzwa. Bei inayotajwa pale ndiyo inayoamua kama mama atalipa karo. Watoto wakatazamana. Yule mvulana wa nyuma, wa barabara ya Ngala, akauliza kama mahamali hao nao wanakunywa chai ya kwao.

Nikamjibu kwamba wanainywa kila asubuhi kwa mahamri, na pengine hawajui imetoka kwake. Mwalimu akageuka, akaandika ubaoni jina la Mombasa, na chini yake akaandika jina la Ronald Ngala, watoto wakalinakili katika madaftari yao.